Poti 80 bila root: kwa nini kontena hazihitaji kizuizi cha 1024

NEEMA: Karibuni tena. Leo tuko kwenye jambo linalowasumbua watu wa seva kila siku. Unawasha programu yako ndani ya kontena, yaani kisanduku kinachoitenga na programu nyingine za mashine, kwa mtumiaji wa kawaida, inajaribu kufungua poti 80, mlango wa kawaida wa tovuti, inanyimwa ruhusa. Wengi wakishaona hivyo wanairudisha iendeshwe na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote ya mashine, na mambo yanaishia hapo. Hilo linaniuma, kaka Salim, kwa sababu dawa ipo.

SALIM: Ipo, dada, na si ngumu. Ila tuanze na kizuizi chenyewe. Kimetoka kwenye Unix ya BSD, miaka ya 1980: poti zilizo chini ya 1024 hufunguliwa na root peke yake. Mashine moja ya chuo ilikuwa na watumiaji wengi, na programu za kuingia mashine nyingine kwa mbali, kama rsh na rlogin, ziliamini ombi lolote lililotoka kwenye poti ndogo. Walichukulia kwamba aliyelituma ni msimamizi wa mashine.

NEEMA: Kwa hiyo namba ya poti ndiyo ilikuwa kitambulisho.

SALIM: Ndiyo. Leo kila mwenye laptopu yake ni root humo, kwa hiyo kitambulisho hicho hakithibitishi kitu. Hata Apple walilegeza sharti hilo kwenye macOS Mojave, 2018. Linux bado inalishika, usipoliondoa mwenyewe.

NEEMA: Na Apache, programu ya seva ya tovuti, wamelizoea: inaanza kama root, inashika poti 80, kisha kazi za wageni inawaachia michakato ya www-data, mtumiaji asiye na mamlaka. Shida ni pale Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena nyingi, inapoambiwa runAsNonRoot, yaani isiwashe kontena kama root. Huyo root wa kuanzia hayupo kabisa.

SALIM: Hapo watu hukimbilia CAP_NET_BIND_SERVICE. Linux iliyagawa mamlaka ya root vipande vipande, na hicho ndicho kipande cha poti ndogo. Unakibandika kwenye faili la programu kwa amri ya setcap.

NEEMA: Na mitego inaanzia hapo! Ukibandika kwenye faili la node au la Python, kila skripti inayoendeshwa nalo imepata kibali, hata ile usiyoijua. Ukisasisha pakiti, faili jipya linakuja bila kibali na seva inagoma kuwaka. Halafu kuna hili la Kubernetes: mtu ameongeza NET_BIND_SERVICE kwenye podi, yaani kifurushi cha kontena, mtumiaji si root, bado ananyimwa. Kibali kimeingia kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa, lakini mchakato wenyewe haukukipata, mpaka faili nalo liwe nacho. Na ukiweka allowPrivilegeEscalation kuwa false ili mchakato usijiongezee mamlaka, kama inavyofaa, kerneli, yaani kiini cha Linux, haikihesabu hata hicho cha kwenye faili.

SALIM: Ndiyo maana mimi nasimama na njia ya 2017. Kerneli 4.11 ilileta kipimo kinachoitwa net.ipv4.ip_unprivileged_port_start. Kwa kawaida kina 1024. Ukikiweka 0, mtumiaji yeyote anafungua poti yoyote. Muhimu zaidi, kila neimspesi ya mtandao, yaani mtandao uliotengwa kama wa kontena, ina thamani yake. Ukibadilisha ndani ya kontena, mashine mama haiguswi.

NEEMA: Kwa sababu poti 80 ya kontena si poti 80 ya mashine.

SALIM: Kabisa. Kontena ina anwani yake na poti zake, na humo mara nyingi kuna programu moja tu. Unamlinda nani dhidi ya nani? Docker, chombo maarufu cha kuendesha kontena, walilikubali hilo: tangu toleo 20.10, la 2020, kontena yenye mtandao wake hupewa 0 moja kwa moja. Kubernetes nao wamekiweka kwenye orodha ya vipimo salama tangu 1.22, unakiandika kwenye securityContext ya podi.

NEEMA: Kisha unaondoa vibali vyote kwa drop ALL. Mvamizi akiingia, anamkuta mtumiaji asiye na mamlaka yoyote.

SALIM: Ila ukitumia hostNetwork, hesabu inabadilika, maana huo ni mtandao wa mashine yenyewe. Kama mashine ina watumiaji wengi, usikishushe kipimo hicho ovyo. Huduma ya barua pepe ikianguka, mtumiaji yeyote anaweza kuidaka poti yake, 143, na kuanza kupokea nywila za watu.

NEEMA: Podman, chombo kingine cha kontena, isiyo na root inakwama hapo hapo. Ukiandika -p 80:80, kuunganisha poti 80 ya mashine na ya kontena, inakataa, kwa kuwa poti hiyo inafunguliwa upande wa mashine.

SALIM: Kama mashine ni yako peke yako, kishushe kipimo hadi 80, usiende 0. Poti 22, 25 na 53 zitabaki na ulinzi wake.

NEEMA: Na kwa programu unayoiandika mwenyewe, mimi ningeiacha isikilize 8080, Service ya Kubernetes ikapokea kwenye 80 na kuipelekea. Kipimo hiki nakitunza kwa programu za wengine ambazo poti yake haibadiliki kirahisi.

SALIM: Nakubali. Kwa wanaotumia Docker, ingieni ndani ya kontena, msome /proc/sys/net/ipv4/ip_unprivileged_port_start. Mkiona 0, ongezeni mstari wa USER, unaotaja mtumiaji asiye root, kwenye Dockerfile, faili la kujengea kontena, leo hii.