Mguu Usitoke: Mhadhara Juu ya Pedali za Baiskeli ya Kuegemea

Wazee wangu shikamooni, na ndugu zangu wote habari za jioni. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za miguu.

Nani humu hakupakiwa kwenye keria utotoni? Basi mnalikumbuka neno la kwanza la mwenye baiskeli kabla hajakanyaga pedali: "Tanua miguu!" Kisigino kikiingia kwenye spoki, gurudumu halisubiri. Najua wengine wenu mna kovu hadi leo. Nimewakumbusha kovu hilo kwa sababu baiskeli hii iliyo mbele yenu ina hatari ya ukoo huohuo, ila hapa anayeumia ni mwendeshaji mwenyewe, na mfupa unaovunjika ni mkubwa zaidi.

Itazameni vizuri. Magurudumu matatu, mawili mbele, moja nyuma. Kiti ni cha kuegemea, kama kile cha uvivu cha barazani, na kiko chini kabisa. Pedali ziko kwenye ncha ya bomba linalotokeza mbele ya magurudumu. Nyuma ya pedali, kutoka gurudumu hadi gurudumu, kuna bomba jingine limekingama. Hilo lishikeni akilini.

Kwenye baiskeli ya kawaida mguu uko juu ya pedali, na uzito wake wenyewe unaukalisha. Hapa mguu umetangulia mbele na unyayo unatazama barabara, hauna cha kuubeba. Misuli inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kusukuma, na kuushikilia mguu usidondoke. Hata mwenye afya njema huchoshwa na hiyo kazi ya pili bila kujua kwamba anaifanya. Aliyepata kiharusi, au mwenye kisukari ambaye nyayo zimeingia ganzi, hapati hata taarifa kwamba mguu umeteleza.

Tuseme umeteleza. Kisigino kinagusa lami na kukwama palepale, huku baiskeli inaendelea kwenda. Goti linakunjika, mguu unavutwa kuingia chini ya fremu, na lile bomba la kukingama linaufikia muundi. Waendeshaji wanaozungumza Kiingereza wana jina la ajali hii: wanasema mguu umenyonywa. Pigeni hesabu pamoja nami. Kilomita 20 kwa saa ni kama mita 5 na nusu kwa sekunde. Kutoka kisigino hadi bombani nimepima kwa tepu, nusu mita. Nusu mita hiyo inakwisha kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, wakati mtu aliye macho kabisa anahitaji kama mara mbili ya muda huo ili mkono uanze tu kubana breki. Kwa hiyo mgonjwa wenu akiwaambia "nitakuwa mwangalifu", msikubali. Uangalifu hauwezi kufika kwa wakati.

Baba yangu mdogo alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Tulimnunulia baiskeli ya aina hii, na duka likatufungia bendera ya njano, kioo cha pembeni, taa, kengele. Pedali tukapewa zile bapa za kawaida. Siku ya tatu, kwenye njia ya bustanini, nilikuwa nyuma yake kama hatua kumi. Nilianza kusikia kabla sijaona: soli ya raba ikikwaruza lami, mlio mfupi kama kitambaa kinachopasuka. Kisha baiskeli ikapinda upande wa kulia. Alikuwa anakwenda polepole, na hilo ndilo lililomwokoa. Kano za goti zilivutika, mfupa ukasalimika. Miezi miwili alitembelea gongo. Lakini lililoniuma ni swali lake pale chini: "Kwani mguu ulitoka saa ngapi?"

Simlaumu muuzaji peke yake. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure aliweka rekodi ya umbali wa kuendesha kwa saa moja, zaidi ya kilomita 45, akiwa amelala kwenye baiskeli ya kuegemea iliyoundwa na Charles Mochet. Mwaka uliofuata, 1934, shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, likaziondoa mashine za namna hiyo kwenye rekodi zake. Zikabaki pembeni, na hadi leo mafundi wengi hodari hawajawahi kuishika hata moja.

Sasa nikitaja kufunga mguu kwenye pedali watu hushtuka. "Nikianguka je?" Hofu hiyo mmeizoea kwenye magurudumu mawili, na huko ni ya haki: ukisimama lazima uteremshe mguu, ukichelewa unakwenda chini. Hii ikisimama, imesimama. Unaweza kukaa kwenye taa nyekundu ukanywa maji, miguu yote miwili imefungwa, wala isitikisike. Wakati magurudumu yanazunguka, mguu hauna safari yoyote ya kwenda nje ya pedali.

Kwa mwenye miguu mizima napendelea pedali za kunasa. Kipande cha chuma chini ya soli kinanasa kwenye pedali, na unakitoa kwa kuzungusha kisigino upande. Kampuni ya Shimano ilitoa mtindo wake wa pedali hizo, uitwao SPD, mwaka 1990; chuma kimezama ndani ya soli, kwa hiyo unatembea na kiatu chako bila taabu. Angalieni jambo moja dogo. Chuma cha aina ya SH51 huachia kwa kuzungusha tu. Cha SH56 huachia pande nyingi, hata kwa kuvutwa juu kwa nguvu. Wanaoanza kwenye magurudumu mawili hushauriwa hicho cha pili. Kwenye hii mimi nafunga cha kwanza, kwa sababu sitaki tuta la barabarani liamue lini mguu utoke.

Ila kuzungusha kisigino ndiko baba mdogo asikokuweza. Yeye nimemfungia hiki hapa: bamba refu lenye kikombe cha kushika kisigino kwa nyuma, na mikanda ya kunata juu ya mguu. Kama goti nalo linayumba kwenda nje, kuna aina inayopanda hadi kwenye shavu la mguu, mguu ukabaki na njia moja tu, mbele na nyuma. Kuna wanaokata tyubu kuukuu wakaipitisha nyuma ya kisigino. Siipendi. Mpira unanyumbuka, na siku utakaponyumbuka sana ndiyo siku mliyoitegemea.

Unyayo usogezeni mbele kidogo, ekseli ya pedali ikaribie katikati ya mguu badala ya kukaa chini ya vidole. Shavu la mguu linapumzika, na ganzi inapungua. Ncha ya mkanda inayoning'inia upande wa cheni ikateni.

Baba, naomba usogee hapa tuwaonyeshe. Breki ya kuegesha imefungwa kwanza, mnaona. Anakaa. Mguu dhaifu unatangulia, anaubeba mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kisigino kimeingia kikombeni hadi mwisho, mkanda huu, na huu. Kisha mguu mzima. Wakati wa kushuka anageuza: mzima unatoka kwanza, unasimama chini, ndipo anaufungua ule dhaifu, na breki bado imefungwa. Sasa nitainama nizungushe pedali kinyumenyume kwa mkono, mzunguko mzima, polepole, kuona kama kisigino kinagusa sakafu au tairi. Nyamazeni kidogo msikilize.

Hakuna mlio. Haya baba, legeza breki.