Karatasi ya damu baada ya kansa ya utumbo: tuisome vipi huku Kisumu

Oyawore, hamjambo wote. Asanteni kwa kuja, najua ni Jumapili na Kibuye soko limejaa, sitawaweka sana. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari wa kansa, kwa hivyo nitaongea vile mambo yanaonekana kutoka upande wa mashine.

Kuna kijana alikuja dirishani kwangu na ripoti ya babake, imekunjwa mara nne, imelowa jasho, na mahali pameandikwa CEA pamezungushiwa biro nyekundu: 6.1. Mzee alikuwa amefanyiwa operesheni ya kansa ya utumbo mpana miezi mitatu imepita. Kijana amekesha kwa simu akaona kawaida ni chini ya 5, ashapigia mpaka wajomba, sasa ananiuliza, "Daktari, mzee amebakisha muda gani?" Nikamuuliza kitu kimoja tu, mzee huvuta sigara? Akasema hata saa hii ako pale nje kwa geti anavuta.

Haya. CEA ni protini ambayo utumbo wa mtoto hutengeneza akiwa bado tumboni mwa mama, akizaliwa inabaki kidogo sana. Mwaka 1965 kule Montreal, Phil Gold na Samuel Freedman waliipata kwa uvimbe wa kansa ya utumbo, ndio ikaanza kupimwa. Lakini sigara pia huipandisha, ini likiwa na shida huipandisha, na kuna kansa zingine za utumbo hazitoi CEA kabisa, kwa hivyo usiende kuipima ati ndio ujue kama uko na kansa, hapo itakudanganya. Kazi yake ni kabla na baada ya operesheni. Kama ilikuwa juu, inafaa ishuke kwa wiki 4 mpaka 6. Ikikataa kushuka, au ishuke halafu ianze kupanda tena kila ukipima, hapo daktari anaenda kutafuta kwa ini na mapafu. Namba moja peke yake haisemi mengi, tunataka kuona inaelekea wapi.

Sasa ile inanifurahisha mimi ni hemogramu, yaani kuhesabu chembe za damu, ile ya chupa ya kifuniko cha zambarau, ya kawaida kabisa. Toeni simu, fungueni kikokotoo. Kuna aina mbili za chembe nyeupe: andika neutrofili 6.0, gawanya kwa limfosaiti 1.2. Umepata ngapi? (Ukumbi: tano!) Tano. Utafiti mwingi umeona wagonjwa wa kansa ya utumbo wenye hiyo namba juu, kwa wastani, wanaishi muda mfupi kuliko wenye namba ya chini. Ni kwa sababu neutrofili zinapanda mwili ukiwa na moto wa ndani, na limfosaiti ndio askari wa kupigana na uvimbe, sasa moto umezidi na askari wamepungua.

Ni huo moto unashusha albumini pia, protini ya damu inayotengenezwa na ini. Nikisema albumini imeshuka chini ya 35 watu wanakimbia kununua mayai na omena, na ni vizuri ale, lakini mara nyingi ini limeacha kutengeneza albumini ya kutosha kwa sababu limeshughulika na CRP, protini nyingine ambayo hupanda mwili ukiwa na huo moto. Madaktari wa Glasgow walichukua hizo mbili wakatengeneza alama: CRP ikiwa juu ya 10 unapewa 1, na kama CRP iko juu na albumini nayo iko chini ya 35, jumla unapewa 2, na mwenye 2 ndiye wa kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Lakini jamani hii ni Kisumu. Malaria inapandisha CRP, HIV isiyotibiwa inakula limfosaiti. Halafu wengi wetu Waafrika tunazaliwa na neutrofili za chini na tuko sawa kabisa, hata ule utafiti wa Kericho wa 2008 uliona viwango vya neutrofili vya watu wazima wenye afya viko chini ya vile vya Marekani. Kwa hivyo mpaka wa namba ya juu na ya chini uliochorwa Ulaya ama Japani ukiuleta hapa ulivyo, mtu anaweza kuonekana salama na si salama, au aonekane anakufa kumbe ameumwa na mbu Nyamasaria.

Na steji, yaani kansa imeenea mpaka wapi, bado ndiyo kubwa. Marekani, kansa ikipatikana haijatoka ilipoanzia, karibu watu 9 kwa 10 wako hai miaka 5 baadaye, ikishafika viungo vya mbali kama ini ni chini ya 2 kwa 10. Damu inakuja kuongezea tu juu ya hapo. Kuna kipimo kipya cha vipande vya DNA ya uvimbe kwa damu, Australia walikitumia kwa steji ya 2 na mwaka 2022 wakatoa matokeo, waliopewa kemo walishuka kutoka 28 kwa mia mpaka 15 na kansa haikurudi zaidi, lakini bei yake bado si ya kwetu.

Maswali? Ndio, mama wa leso ya kijani. Ati uko na karatasi tano na hujui ubebe gani kliniki. Beba zote, uzipange kwa tarehe, na kama unaweza pimia maabara moja kila wakati maana mashine hazifanani. Hebu nione. Hii ya Aprili CRP imeruka hivi, ulikuwa na homa? Malaria? Basi chukua kalamu, andika hapo kando, "malaria".