Theluji ni Ghala: Kutembea na Kula Iiyama, Japani

HAMISI: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni tena barazani kwetu. Mimi ni Hamisi. Da Zuhura amerudi kutoka Japani, na ameniwekea mfuko mezani hapa, umefungwa barabara, na amenikataza kuugusa.

ZUHURA: Waaleikum salaam. Subiri, kaka Hamisi. Utauonja. Ila kwanza nikueleze kilichomo kimetoka wapi, maana ukikila sasa hivi utasema ni achari, basi, yaishe.

HAMISI: Haya, nipo. Ulikuwa mji wa Iiyama.

ZUHURA: Iiyama, mkoa wa Nagano, mwezi wa pili. Ukipanda treni ya kasi pale Tokyo, Shinkansen, saa mbili hazijatimia umeshafika. Kituo chao kilifunguliwa mwaka 2015, kwa hiyo leo kufika si kazi tena. Asubuhi ile Tokyo niliiacha na jua, anga haina hata wingu. Iiyama nashuka, theluji imerundikwa kandokando ya barabara inanizidi kimo. Nchi moja, siku moja.

HAMISI: Sisi tumezoea kwamba theluji inataka mlima. Kilimanjaro, mita 5,895, ndiyo tunaiona.

ZUHURA: Nami nilikwenda na fikra hiyo. Lakini mji wa Iiyama uko mita 300 na kitu tu juu ya usawa wa bahari. Kisha chukua ramani, weka kidole Iiyama, ukivute moja kwa moja kuelekea magharibi bila kupanda wala kushuka. Unajua utafika wapi? Tunis.

HAMISI: Tunis ya Tunisia?

ZUHURA: Ya Tunisia. Latitudo karibu ni ile ile. Sasa swali langu la kwanza kwa kiongozi wetu likawa hilo: theluji yote hii inatoka wapi? Jibu lake, kaka, mtu wa Pwani analielewa upesi, kwa sababu ni habari ya upepo na bahari. Majira yale yale ambayo kwetu kaskazi inavuma, wao wanapata upepo kutoka Siberia. Unatoka bara, baridi kali, mkavu. Lakini kabla ya kuwafikia lazima uvuke Bahari ya Japani, na bahari ile ina mkondo wa maji ya uvuguvugu unaopanda kutoka kusini, mkondo wa Tsushima. Upepo unanyonya mvuke njia nzima. Ukifika nchi kavu umeelemewa, mbele yake kuna milima, hauna budi kupanda, na ukipanda unautua mzigo wote pale pale. Ukivuka upande wa Tokyo umebaki mtupu.

HAMISI: Yaani milima inaila mvua ya wenzao.

ZUHURA: Inaila ikiwa theluji. Kijiji cha jirani, Sakae, kuna stesheni ndogo ya reli inaitwa Morimiyanohara. Tarehe 12 Februari 1945 walipima pale mita 7.85. Hakuna stesheni Japani iliyowahi kupimwa zaidi. Wamesimamisha nguzo yenye alama ya kimo hicho, ukisimama chini yake unainua shingo.

HAMISI: Subhanallah. Hiyo ni nyumba ya ghorofa inafunikwa. Sasa watu wanatembeaje?

ZUHURA: Hapo ndipo safari yetu ilipoanzia. Tulikuwa wageni sita, na kiongozi wetu mzee mwenye miaka zaidi ya sabini, mzaliwa wa pale pale, na kijana mmoja wa kututafsiria. Tulikwenda uwanda wa Nabekura, juu ya mji, kwenye msitu. Kabla ya kutugawia viatu vya theluji vya siku hizi, vya bati jepesi na plastiki, mzee akatutolea vya zamani. Vinaitwa kanjiki. Ni ufito uliopindwa kwa moto na maji ukawa duara la mviringo kama yai, ukakazwa kwa kamba katikati. Nilivigeuzageuza mkononi, fundi wa madema ya samaki pale Pangani angevitambua kazi yake mara moja.

HAMISI: Na vinafanya nini hasa?

ZUHURA: Vinautandaza uzito wako. Bila hivyo nilikanyaga hatua moja nje ya njia, mguu ukazama mpaka kwenye paja. Nilipovaa, nikazama kiasi cha kiganja. Ila vile vya siku hizi tulivyovaa vina adabu yake. Kisigino kinainuka, kiatu kinaburura nyuma, kwa hiyo huwezi kurudi kinyumenyume. Nilijaribu ili nipige picha, mkia ukachimba, nikaanguka chali. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo: ukianguka kwenye theluji laini, ukiweka mkono chini ujiinue, mkono unapotea mpaka begani. Hakuna chini. Mzee hakunivuta. Aliniambia nizipishanishe fimbo zangu mbili za kutembelea juu ya theluji, ziwe msalaba, nizikandamize zinapokutana, nigeuke nipige goti. Nikainuka mwenyewe.

HAMISI: Zinafanya kazi ile ile ya kanjiki.

ZUHURA: Ile ile. Kutandaza uzito. Baada ya hapo nikawa siogopi.

HAMISI: Huo msitu ukoje? Maana sisi tunaosikia theluji tunafikiria weupe tu.

ZUHURA: Miti yake inaitwa buna. Magome ya kijivu, laini, na wakati ule haina jani hata moja, mwanga unaingia mpaka chini. Mashina yake yaliyo kwenye mteremko yamepinda pale yanapotoka ardhini, kama goti, kisha yananyooka kwenda juu. Mzee akaeleza kwamba mti ukiwa mchanga theluji inaulaza chini kila mwaka, ukiyeyuka mzigo unainuka, mwaka unaofuata unalazwa tena, mpaka siku unapopata unene wa kukataa. Kile kipindo ni utoto wake.

HAMISI: Hebu nikae na hilo kidogo.

ZUHURA: Nilikaa nalo siku nzima. Kisha akatusimamisha kwenye nyayo. Mashimo manne: mawili marefu yako sambamba mbele, mawili madogo nyuma yake, moja mbele ya jingine. Akauliza, sungura huyu ameelekea wapi? Sote tukaonyesha kinyume. Kumbe yale marefu ya mbele ni ya miguu ya nyuma. Sungura akiruka anatanguliza mikono, kisha miguu ya nyuma inaipita inatua mbele. Hatua chache mbele nyayo nyingine, za mnyama anaitwa ten, jamii moja na nyegere. Alikuwa amepita juu ya nyayo za sungura. Mzee hakusema kitu, akatuacha tusome wenyewe.

HAMISI: Na dubu?

ZUHURA: Wapo, lakini majira yale wamelala. Tuliona alama za makucha kwenye magome. Wanapanda miti ya buna kula njugu zake, na gome lile halisahau, kovu linabaki miaka.

HAMISI: Sasa twende kwenye chakula, da Zuhura, nimekuona unakizungukazunguka.

ZUHURA: Sikizunguki, kimo humo humo! Ndilo nililokwenda kuliona. Maana mimi nilidhani chakula ni kile cha kupoza wageni baada ya kuchoka. Sikiliza. Tulipokuwa tunashuka tukapita nyuma ya nyumba moja ya shamba. Theluji tambarare, hakuna dalili ya kitu, isipokuwa mwanzi mmoja umesimama, umechomekwa. Mzee akashika chepe, akachimba pembeni mwa ule mwanzi. Kifua kizima cha mtu, bado anachimba. Chini kabisa akapiga magoti, akaingiza mkono, akatoa kabichi.

HAMISI: Kabichi mbichi?

ZUHURA: Mbichi, majani yamekaza, ya kijani. Imekaa pale tangu theluji ya kwanza. Theluji ikiwa nene hivyo, kaka, ardhi chini yake haigandi. Kuna giza, kuna unyevu, na ubaridi uko kwenye sifuri, haupandi haushuki. Na mboga yenyewe, ili isigande, inajiongezea sukari. Alichana jani la ndani akanipa. Lilikuwa limejaa maji, linavunjika kama muwa mchanga, na tamu. Tamu kweli. Mkoa wa jirani, Niigata, kuna mji mdogo unaitwa Tsunan ambako karoti wanaziacha makusudi chini ya theluji mpaka mwezi wa tatu, ndipo wanazichimba, na bei yake inapanda kwa ajili ya utamu huo.

HAMISI: Mimi nilijua baridi inaua shamba.

ZUHURA: Baridi tupu inaua. Theluji inafunika. Ni ghala, kaka Hamisi. Hilo ndilo neno nililorudi nalo. Sisi babu zetu walikuwa na jua na chumvi: ng'onda, papa mkavu. Wao wana theluji na chumvi. Hata karatasi! Iiyama wanatengeneza karatasi ya mkono, ya Uchiyama, na nyuzi za gome wanazianika juu ya theluji, jua na theluji vinazing'arisha mpaka nyeupe. Na ikiyeyuka maji yale yale yanaingia mashamba ya mpunga.

HAMISI: Kwa hiyo mlikula wapi, nyumbani kwa mzee?

ZUHURA: Msituni. Alichonga meza na mabenchi kwa chepe, theluji yenyewe, akatandika vigodoro vyembamba. Jiko dogo la gesi, sufuria, supu ya miso, rojo la soya lililochachushwa, yenye uyoga na ile kabichi. Kisha akafungua kisanduku cha sasazushi. Ni wali wa siki uliowekwa juu ya jani la mwanzi mdogo unaoitwa sasa, jina tu, halihusiani na sasa yetu. Juu ya wali kuna majani ya porini yaliyopikwa, uyoga, kokwa za jozi, ukanda wa yai. Unashika jani, unalileta mdomoni, hakuna kijiko. Wenyeji wanasimulia kwamba jemadari Uesugi Kenshin, karne ya 16, alipokuwa akivuka njia ya milima kwenda kupigana, wanakijiji wa Tomikura walimpakulia hivyo, kwenye majani. Tomikura hiyo hiyo wana tambi za ajabu za soba, nafaka ambayo si ngano. Tambi za soba kwa kawaida zinachanganywa na ngano kidogo ili zishikane, lakini kule ngano haikuwa rahisi kupatikana. Basi wanachuma majani ya mmea wa mlimani, wanayakausha, wanayachemsha, wanayatwanga mpaka zimebaki nyuzi tu, laini kama pamba, na hizo ndizo zinazoushika unga.

HAMISI: Kwa wasikilizaji wetu Waislamu, wanaotaka kwenda, hapo vipi?

ZUHURA: Nashukuru umeuliza. Sema mapema, wakati wa kuweka nafasi, siyo mezani. Nguruwe ni wa kawaida kwenye vyungu vyao vya moto. Na si nyama tu: mirin, kile kileo kitamu cha mchele, kinaingia kwenye michuzi mingi, hata ya mboga. Niliandika barua pepe wiki mbili kabla, wakanijibu kitu kwa kitu. Kuna pia kinywaji cha moto, amazake, kitamu, cha mchele. Kile cha mchele na koji, kuvu ya kuchachushia, hakina kileo. Lakini kuna kingine kinatokana na machicha ya pombe ya sake, hicho kinacho. Jina ni moja. Uliza ni kipi.

HAMISI: Hilo ni la kuandika kwenye karatasi. Na gharama ya theluji yenyewe? Kwa wanaoishi humo?

ZUHURA: Ni nzito. Vijana wamehamia mijini, wazee ndio waliobaki, na theluji ya juu ya paa lazima ishushwe, la sivyo nyumba inalemewa. Kila mwaka Japani kuna watu wanaokufa wakiisafisha, wengi wao wazee. Mzee wetu kabla ya kutuchukua asubuhi alikuwa ameshatoka juu ya paa la jirani yake, bibi anayeishi peke yake. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ni pazuri, ndiyo, ni pazuri, lakini nataka ajue nani anayelibeba lile paa.

HAMISI: Mungu awape nguvu. Haya, mfuko.

ZUHURA: Fungua. Inaitwa nozawana. Ni ndugu wa chainizi yetu, ila majani yake ni marefu, yanafika kiunoni. Kijiji cha Nozawa Onsen, ng'ambo ya mto, mwezi wa kumi na moja wanazipeleka kwenye mabafu ya chemchemi ya moto, yale ya kuogea watu, wanaziosha humo, kisha wanazipanga kwenye pipa na chumvi. Zinaliwa majira yote ya baridi. Wanazitia hata ndani ya maandazi yao ya oyaki.

HAMISI: Bismillah... Mh. Inalia mdomoni. Chumvi kwanza, halafu uchachu unakuja nyuma, taratibu.

ZUHURA: Umeona?

HAMISI: Shina lake ndilo tamu. Da Zuhura, hii na ugali wa moto, na kipande cha changu wa kukaanga...

ZUHURA: Sufuria iko jikoni. Unga umeshachekechwa.