Kabla ya Kuuza Meinfremu, Ujue Usiku wa Mwisho wa Mwezi

Assalaam alaykum. Walimu wangu, wazee mliokuja kuwasindikiza vijana, na nyinyi wanangu wa kompyuta na wa biashara mliokaa mchanganyiko, ahsanteni kwa kuja.

Nimetakiwa niseme namna kijana anavyoanza kazi ya kuuza teknolojia ya meinfremu. Meinfremu, kwa ufupi, ni ile kompyuta kubwa inayobeba hesabu za mabenki na serikali; zaidi ya hapo sielezi, mmeshasomeshwa. Ila kuna suali ambalo kila nikisimama linaulizwa hata salamu sijamaliza: ati hii si ilishakufa? Haijafa. IBM ilitangaza meinfremu yake ya System/360 tarehe 7 Aprili 1964, na Aprili 2025 ikatangaza nyengine mpya, z17. Hakuna kampuni inayobuni chipu mpya kwa ajili ya maiti. Mtalii akilipa hoteli kule Nungwi kwa kadi ya benki yake ya Ulaya, mara nyingi jibu la kukubali au kukataa linatoka kwenye meinfremu, na yeye kadi hajairudisha mfukoni. Zipo programu za Koboli, lugha ya zamani ya kuandikia programu, zilizoandikwa kabla wazee wenu hawajaoana, na zinafanya kazi leo.

Wanaopungua ni watu wanaozijua. Aprili 2020, wakati wa korona, maombi ya mafao ya waliopoteza kazi yalifurika katika jimbo la New Jersey, Marekani, na gavana Phil Murphy akasimama mbele ya waandishi wa habari kuomba watu wa kujitolea wanaojua Koboli. Gavana wa jimbo tajiri! Upande wa mauzo nako nimekaa kwenye vikao ambavyo vichwa vyote mezani ni vyeupe. Kwa hivyo nafasi ipo. Tusilirudie hili.

Jambo langu ni moja, na wanaonijua wameshalisikia. Usianze kwa kujifunza kuuza mashine. Anza kwa kuujua usiku wa mwisho wa mwezi wa mteja wako.

Kwa nini? Kwa sababu meinfremu ni nadra kumuuzia mtu asiyekuwa nayo. Unamuuzia mtu aliyekuwa nayo tangu hujazaliwa. Hana pa kuhamia kwa haraka, analijua hilo, na linamuudhi. Ukifika na mabango yako ya rangi kumsifia mashine anayoijua kuliko wewe, atakupa chai, atakusikiliza kwa adabu, na simu yako hataipokea tena. Kinachomnyima usingizi ni bili.

Na bili hii lazima muielewe vizuri. Kwa miaka mingi leseni nyingi za programu za meinfremu zimekuwa zikilipiwa hivi: mashine inajipima yenyewe, inachukua wastani wa kazi iliyofanya katika masaa manne yanayofuatana, wastani huo unasogea na saa mchana na usiku, na mwezi ukimalizika kinachotazamwa ni kilele chake, pale ulipopanda kuliko pote. Kilele hicho ndicho kinacholipiwa. Ni kama mwenye nyumba anayehesabu wageni waliolala kwako usiku wa Idi, kisha akakudai kodi ya mwezi mzima kwa idadi ile. Mwaka 2019 IBM ilileta utaratibu mwengine, unaitwa Tailored Fit Pricing, usiofuata kilele kile, lakini mikataba ya zamani bado mtaikuta.

Nikiwa Johannesburg, kulikuwa na benki moja kubwa iliyokuwa ikilalamikia bili. Wauzaji wa kila kampuni walikwenda na slaidi zao. Mimi niliomba ruhusa ya kukaa na maopereta usiku wa kufunga hesabu za mwezi. Chumba baridi, mashine yenyewe iko ndani huko, makabati meusi yanayovuma, wala huyaoni. Unachokiona ni maandishi ya kijani kwenye skrini nyeusi. Saa tano za usiku kazi zikaanza: ada, hesabu za mikopo, taarifa za wateja, moja ikimaliza inaita nyengine. Opereta mkuu alikuwa mama wa makamo, na mbele yake pana daftari la karatasi aliloandika kwa mkono wake jina la kila kazi na saa inayomalizika kwa kawaida. Kazi ikichelewa dakika kumi, ananyanyua simu. Wazee wetu wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, na pale penye mashine ya mamilioni ya dola, daftari lile ndilo lililokuwa na habari zote.

Nikaona kazi moja imeingia saa sita za usiku na mstari wa matumizi ukapanda ghafla. Nikamuuliza, mama, hii ya nani? Ya idara ya masoko, ripoti yao. Nani anaisoma? Akanambia wale wanafika saa tatu asubuhi, wanakunywa chai, wanaifungua mchana. Sasa kwa nini inakwenda saa sita usiku, pamoja na kufunga hesabu? Akasema aliyeipanga aliipanga hivyo, na ameshastaafu.

Mmeona? Ripoti isiyosubiriwa na mtu ilikuwa imekaa juu kabisa ya kilele, na benki inailipia mwezi baada ya mwezi. Wakaihamishia alfajiri, mzigo ukiwa umeshashuka, na bili ikapungua. Slaidi za wale wengine, hata nzuri vipi, zisingeiona ripoti ile, kwa sababu haikuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la yule mama na kwenye mstari uliopanda saa sita.

Hapa ndipo kijana mmoja huninyooshea mkono: mzee, si umejikatia kamisheni mwenyewe? Mkubwa wangu wa kazi aliniuliza hivyo hivyo, nimetumwa kuuza au kupunguza. Jibu langu halijabadilika. Mteja aliyefungika anaamini kila muuzaji anayeingia kwake amekuja kumkamua. Yule wa kwanza kumpunguzia ndiye atakayemwita siku atakapotaka kweli mashine mpya, na atamwita kabla zabuni haijaandikwa. Benki ile ilituita. Na mauzo haya hayaendi kwa wiki, yanakwenda kwa mwaka wa bajeti, pengine miwili. Asiye na subira akauze simu Darajani, nayo ni biashara ya heshima.

Mwengine atasema kila kitu kinahamia kwenye klaudi, yaani kompyuta za kukodi kwa njia ya intaneti. Baadhi kinahama, kweli, na ukimbishia mteja kwa hilo utaonekana muongo. Fujitsu wenyewe wametangaza kuacha kuuza meinfremu ifikapo 2030. Lakini kuhama nako kuna khatari zake. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha akaunti za wateja wake kutoka mfumo iliokuwa ikiukodi kwa benki ya Lloyds kwenda mfumo mpya. Watu wakafungiwa nje ya akaunti zao, mkurugenzi mkuu akaondoka mwaka huo huo, na 2022 wasimamizi wa mabenki wakaitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65. Sasa sikilizeni vizuri. Hadithi hii wauzaji wengi wanaitumia kumtisha mteja. Msifanye hivyo. Mteja ameshaisoma, na anayeuza kwa khofu hana chengine cha kuuza. Muulize ni kazi zipi anataka zihame na zipi zibaki, umsaidie kuzipanga. Pengine utauza kidogo kuliko ulivyotumwa.

Kuna atakayeuliza habari ya riba. Hilo ni suali la sheikh wake, si langu. Ninachoweza kumwambia ni kwamba wateja si mabenki peke yao. Serikali zimo, bima zimo, mashirika ya ndege yamo.

Naonyeshwa saa, kwa hivyo haya yaliyobaki nayapitisha mbio.

Wanaoajiri si IBM tu. Ipo Broadcom, iliyoinunua CA, kampuni ya programu za meinfremu, mwaka 2018, wapo BMC, wapo Rocket Software, ipo Kyndryl iliyotengwa na IBM mwaka 2021, na wapo mawakala wanaouza kwa niaba yao, ambao aghlabu ndio wanaompokea kijana asiye na uzoefu. Kazi ya mwanzo itakuwa kupiga simu na kuandika barua za kuomba miadi. Ifanye, lakini usikae nayo miaka. Omba kumfuata mtaalamu wa mauzo kwa wateja, ubebe daftari, unyamaze, uandike.

Ujuzi wa kuanzia ni bure. IBM wana mafunzo yanaitwa Z Xplore, unaingia kwa intaneti ukiwa hapa hapa Unguja au Wete, na unapewa nafasi kwenye mashine ya kweli. Andika JCL yako, yaani maagizo ya kuiambia meinfremu ifanye kazi gani, uione kazi yako ikianguka, utafute kwa nini imeanguka. Muuzaji ambaye hajawahi kuona kazi ikianguka hataelewa kwa nini yule mama alikuwa na daftari.

Mabinti, wale mnaosoma hesabu za biashara, nyinyi ndio ninaowataka khasa, kwa sababu bili hii ni hesabu kabla ya kuwa kompyuta.

Na mkiitwa kwenye usaili, na nyinyi ulizeni. Nitapewa wateja gani kwa majina? Lengo langu la mauzo limepangwaje, na aliyekuwapo kabla yangu alilifikia? Kamisheni inalipwa mkataba ukisainiwa au mteja akilipa? Akisita kwenye la pili, muulize tena, na jibu uliandike mbele yake.

Haya, maswali. Anzeni nyuma kule.