Mto wa Rangi ya Chungwa
(Mhadhara kwa wapiga picha chipukizi, Nairobi)

Hamjambo wenzangu. Asanteni kwa kufika na mvua yote hii.

Itazameni kwanza picha hii ukutani. Mto unapinda katikati ya ardhi nyeusi, na maji yake ni ya rangi ya chungwa iliyokolea. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni volkano. Sivyo. Hapa ni Sudbury, Ontario, nchini Kanada, mwaka 1996, na aliyeipiga ni Edward Burtynsky, mpiga picha wa Kanada. Nikeli, madini yanayochimbwa hapo, ikishachenjuliwa, mabaki yanayomwagwa huwa na chuma kingi, na chuma kikipigwa na hewa hushika kutu. Mnachokiona ni kutu inayotiririka.

Wapo wanaomlaumu kwamba anaupamba uharibifu. Nimelitafakari sana hilo na sikubaliani nao. Taka tunazipita kila siku tumeziba pua, hatuzioni. Uzuri humshika mtu miguu, na akishasimama huuliza: hapa ni wapi? Jibu analikuta kwenye jina la picha. Burtynsky hazipi picha zake majina ya kishairi. Huandika kitu, mahali na mwaka.

Kwetu alikuja 2016. Alipiga picha pembe za ndovu zilizorundikwa katika Mbuga ya Nairobi, zile tani 105, mafungu 11, zilizochomwa tarehe 30 Aprili. Akapiga na dampo la Dandora, hapa Nairobi, vilima vya plastiki. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Agosti, mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchini. Ule mwaka 2016 ulioandikwa pale ndio unaoifanya picha ya Dandora kuwa ushahidi wa tulivyokuwa tukiishi.

Nami hili nalijua kwa uchungu. Zamani nilipiga picha mto mmoja wa msimu huko Makueni, malori yakizoa mchanga. Kando, akina mama walikuwa wamechimba shimo mchangani, wakichota maji kwa kata, kidogo kidogo, wakingoja yajae tena. Mwanga ulikuwa mzuri mno, nikapiga na kupiga. Sikuandika tarehe, na saa ya kamera ilikuwa haijarekebishwa. Wanakijiji wakaja kuniomba picha zile waambatanishe na malalamiko yao. Huko walikozipeleka wakaulizwa: ni za lini? Ni sehemu gani ya mto? Nilipoulizwa mimi, sikuwa na jibu ambalo ningeweza kuliapia. Wale akina mama walinitegemea.

Mwaka jana nilirudi na picha moja mkononi. Mzee mmoja aliitazama, akanishika mkono, tukateremka hadi kwenye mwamba ulio ukingoni. Katika picha, mchanga umefika kwenye ufa wa mwamba ule. Mzee akasimama chini yake, akanyoosha fimbo juu kadiri alivyoweza. Haikuufikia ufa.

"Piga, mwanangu," akaniambia, fimbo bado iko juu. "Na uandike leo ni tarehe ngapi."