Ampea 10 bila bodi ya kuagiza

Vijana wangu, leo tuchukue kazi moja tu: mota ya volti 12 inayokula ampea 10, tunataka kuipunguza na kuiongeza kasi kwa mosfeti moja, yaani transista inayowasha na kuzima mkondo haraka haraka. Bodi ya kuchapishwa hatuna, na hatuna haja ya kuisubiri.

Bredibodi, ule ubao wa majaribio wa kuchomeka vipande bila kuchomelea, ibaki na saketi ndogo inayoamrisha geti, mguu wa mosfeti unaopokea amri. Njia ya mota isipite humo kabisa. Vibanio vyake vinastahimili takriban ampea 1. Kibanio kilicholegea kikiwa na omu 0.05, ampea 10 zinazaa wati 5 za joto ndani ya kitundu kimoja, na plastiki inayeyuka.

Tumieni waya wa nyumba, ule wa milimita za mraba 2.5. Mstari wa bodi wenye upana wa milimita 1 na unene wa kawaida wa maikromita 35 una shaba kidogo mno. Waya huu unauzidi zaidi ya mara 70. Umenyeni, mulaze chini ya ubao wa matundu, mpinde ncha ikumbatie mguu wa mosfeti, mbane kwa koleo, ndipo mtie risasi ya kuchomelea. Kiungo kishikwe na shaba yenyewe. Risasi ni ya kuziba tu.

Sasa hapa ndipo mosfeti nyingi zinapofia, nami naomba mnisikilize vizuri. Waya, hata uwe mnene namna gani, haupendi mkondo ukatwe ghafla. Ukaidi huo hupimwa kwa henri: kila sentimita ina takriban nanohenri 10. Sentimita 10 za ziada, ampea 10 zikikatwa ndani ya nanosekunde 50, zinarusha volti 20 juu ya zile 12 za betri. Mosfeti inayostahimili volti 30 imeshapitwa! Kwa hiyo mosfeti, diodi ya mota (inayoupa mkondo wa mota njia mosfeti ikizimwa) na kapasita ya kwenye njia ya betri vikae vimegusana kama inawezekana. Waya za kwenda betri ziwe ndefu mtakavyo, mradi kapasita iko hapo hapo.

Fyuzi iwe karibu na betri. Siku ya kwanza wekeni mfululizo balbu ya taa ya mbele ya gari, wati 55: hata pakiwa na shoti, ikishapata moto haipitishi zaidi ya ampea 5 hivi, na mwanga wake mtauona.

Mkishaitoa balbu na mota ikizunguka kwa nguvu zote, pimeni milivolti kwenye kila kiungo. Kikisoma 5, kiacheni. Kikisoma 100, wati 1 nzima inapotelea hapo: zimeni, mkichomelee upya.