Magita ya Kurt Cobain: Mhadhara kwa Wapiga Gita

Mabibi na mabwana, na nyinyi wapiga gita mliojibanza kule nyuma mkidhani siwaoni, karibuni sana.

Jioni hii tunazungumzia magita ya Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gita wa bendi ya roki ya Nirvana. Dai langu ni kwamba mlio uliomtambulisha duniani mwaka 1991 ulitoka kwenye vyombo ambavyo soko lilikuwa limevipa mgongo.

Cobain alipiga kwa mkono wa kushoto. Mnaopiga hivyo mnaijua adha yake: dukani magita mia, lako moja, nalo ndilo lenye kasoro. Jimi Hendrix, mpiga gita mwingine wa mkono wa kushoto, mzaliwa wa Seattle katika jimbo la Washington alikotoka Cobain pia, aliligeuza gita la mkono wa kulia juu chini. Cobain naye miaka ya mwanzo alipiga sana Univox Hi-Flier, gita la Kijapani lililoiga gita la Mosrite la Marekani. Lilikuwa rahisi kwa bei, na kwa mtu mwenye mazoea ya kuvunja magita jukwaani, urahisi huo ulikuwa na maana yake.

Sasa tuje kwenye Jaguar na Mustang. Fender, kampuni ya magita ya Marekani, waliitoa Jaguar mwaka 1962 kama gita la hadhi. Mustang ikafuata mwaka 1964 ikiwalenga wanafunzi. Jaguar ikasimamishwa mwaka 1975, Mustang mwaka 1982. Cobain aliipata Jaguar yake ya mwaka 1965 mwaka 1991, ikiwa imeshabadilishwa: zile sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi zilikuwa za kampuni ya DiMarzio, zenye nguvu kuliko za kiwandani. Ndiyo maana mkinunua Jaguar ya kawaida mkategemea ngurumo ya Nirvana, mtalaumu amplifaya bure.

Lakini siri kubwa iko kwenye urefu. Katika magita haya mawili, sehemu ya uzi inayotetemeka ni inchi 24, kama sentimita 61. Kwenye Stratocaster, gita jingine la Fender, ni inchi 25.5, karibu sentimita 65. Uzi mfupi hufika kwenye noti ileile kwa mvutano mdogo. Unalainika chini ya kidole, unapindika upesi, na ukiushusha sauti chini ya kawaida, kama alivyofanya mara nyingi, unaanza kuyumba. Cobain mwenyewe aliitaja Mustang kuwa gita alipendalo kuliko yote, huku akilalamika kwamba haikubali kukaa kwenye tyuni. Kwangu mimi, kuyumba huko ni nusu ya utamu.

Akayataka yote mawili kwa pamoja. Alikata picha za Jaguar na Mustang, akaziunganisha, akawapelekea Fender. Fundi wao Larry Brooks akalijenga. Ndiyo Jag-Stang, iliyoingia sokoni mwaka 1995, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia.

Na lile gita la MTV Unplugged, kipindi cha televisheni cha muziki wa kupigwa bila umeme, ambacho Nirvana walikirekodi New York Novemba 1993? Watu huliita gita kavu, yaani lisilotumia umeme. Si kavu! Ni Martin D-18E ya mwaka 1959, iliyotoka kiwandani na vifaa vya umeme. Tena Cobain aling'ang'ania amplifaya yake ya Fender, nayo ikafichwa ndani ya kisanduku kilichofanana na spika ya jukwaani. Kipindi kizima kimejengwa juu ya kuchomoa waya, na nyota wake kachomeka!

Mwaka 2020 Martin hiyo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6. Mwaka 2022 Mustang ya buluu, ile ya video ya wimbo wa Nirvana “Smells Like Teen Spirit”, ikapita dola milioni 4.5. Gita la wanafunzi, jamani.

Basi maneno yatosha. Hapa nina Mustang na Stratocaster, zote zina nyuzi za unene mmoja, zote zimeshushwa nusu toni. Nani aje anipigie kordi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwenye kila gita? Wewe, kijana wa fulana nyeusi, njoo.